Sura ya Mtoto: Ukuaji wa Mhusika na Michoro katika Riwaya ya Watoto, kutoka River Road hadi Nanyuki

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza uhusiano uliopo baina ya mambo mawili ambayo uhakiki wetu umezoea kuyatenganisha: ukuaji wa mhusika mtoto katika riwaya, na picha ambayo mtoto huyo huchorewa. Jambo la kwanza hufundishwa katika kila darasa la fasihi. Jambo la pili huachiwa wachapishaji, na aghalabu jina la mchoraji halitajwi hata katika orodha za vitabu tunazowapa wanafunzi wetu.

Lugha yenyewe ya Kiswahili haikubaliani na utengano huo. Tunapozungumzia jinsi mwandishi anavyomjenga mhusika wake tunatumia istilahi ya usawiri, nayo hutokana na kitenzi sawiri, yaani kuchora au kutia picha. Sawiri, taswira, na sura kwa maana ya uso, ni maneno yenye asili moja katika Kiarabu. Sura kwa maana ya sehemu ya kitabu ina asili nyingine, na huko ilikotoka huandikwa kwa herufi nyingine. Kiswahili kimeyapokea maneno hayo mawili kikayafanya yatamkwe na kuandikwa kwa namna moja. Kwa hiyo mtoto wa riwaya ana sura aliyopewa na mchoraji, na anapita katika sura alizopangiwa na mwandishi. Sura ya kwanza imetulia. Zile za pili zinasonga. Hoja ya makala haya inasimama juu ya tofauti hiyo.

Mwandishi wa makala haya alikutana na suala hili kabla hajajua kwamba ni suala. Katika miaka ya 1990, akiwa mwanafunzi, alinunua kwa muuzaji wa vitabu vikuukuu, kando ya River Road jijini Nairobi, nakala ya Little White Man ya Meja Mwangi. Nakala hiyo haikuwa na jalada. Alimsoma Kariuki, mhusika mkuu wa kitabu hicho, bila kuonyeshwa uso wake, akajichorea mwenyewe, na kila sura ilipokwisha ilimlazimu aurekebishe uso ule. Miaka mingi baadaye, alipoishika nakala iliyo kamili, alitambua kwamba jalada lingemfanyia kazi ile mara moja, na kwamba lingeifanya kabla ya ukurasa wa kwanza. Swali lililozaliwa siku hiyo ni hili: je, picha humsaidia mtoto wa riwaya kukua, au humzuia?

River Road na Mtoto Asiye na Jina

Ni vyema tuanzie pale pale ilipopatikana nakala ile. River Road ilipewa jina kutokana na Mto Nairobi unaopita karibu nayo. Katika enzi ya ukoloni ilikuwa sehemu ya biashara za Wahindi na mahali ambapo Waafrika walipata chakula, malazi, kazi ndogo ndogo na habari. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilipoanza msako mkubwa uliojulikana kama Operation Anvil, mitaa ya aina hii ndiyo iliyolengwa, kwa imani kwamba wapiganaji wa Mau Mau walipata humo fedha, silaha na vijana. Watu zaidi ya 20,000 walipelekwa vizuizini. Baada ya uhuru barabara hiyo ikawa kituo cha mabasi ya mashambani, maduka ya muziki, baa, nyumba za kulala wageni za bei nafuu, na hatimaye mitambo midogo ya uchapishaji. Filamu za bei ndogo zilipoanza kutengenezwa huko, zikaitwa Riverwood.

Meja Mwangi, aliyezaliwa Nanyuki mwaka 1948, ndiye aliyeiingiza barabara hii katika ramani ya fasihi. Katika Kill Me Quick (1973) aliwaonyesha Meja na Maina, vijana waliokuja mjini na vyeti vya shule wakaishia katika vichochoro. Katika Going Down River Road (1976) alimfuata Ben, kibarua wa ujenzi, pamoja na rafiki yake Ocholla, katika mzunguko wa kazi, pombe na vibanda ambavyo askari wa jiji huvichoma na wenyewe huvijenga upya.

Wahakiki wameandika mengi juu ya Ben, juu ya Ocholla, na juu ya jengo wanalolijenga, liitwalo Development House, ambalo wao hawatapata nafasi ndani yake. Aliyeandikiwa machache ni mtoto wa Wini, mwanamke anayeishi na Ben. Mtoto huyu anaitwa Baby. Hilo si jina bali ni umri. Kumwita mtu kwa umri wake ni kumwambia asiuvuke. Mama yake anapoondoka na kumwacha, Baby anabaki mikononi mwa mwanamume asiyemzaa, ambaye hakuomba kuwa baba, na ambaye hana hata mahali pake mwenyewe pa kulala. Wanaishia katika kibanda cha Ocholla.

Wanafunzi wanapoulizwa kumweleza Baby, aghalabu hujibu kwamba ni mhusika bapa: anakojoa kitandani, anasumbua, anamzuia Ben asiishi atakavyo. Jibu hilo lina ushahidi katika matini, lakini linasahau kuuliza ni nani anayetazama. Karibu kila tunachokijua kuhusu Baby tunakipata kupitia macho ya Ben, na Ben, hasa mwanzoni, humtazama mtoto huyu kwa vipande tu: godoro lililolowa, kilio cha usiku, tumbo linalohitaji chakula. Kadiri riwaya inavyoendelea vipande hivyo vinaongezeka na kubadilika. Shule ya Baby inakuwa shughuli ya Ben. Mahali atakapolala Baby panakuwa swali la Ben. Mtu ambaye maisha yake yote ni ya leo analazimika kufikiri juu ya kesho, kwa sababu mtoto hawezi kulelewa kwa leo peke yake. Baby anakua, ila hakuna anayesimama kumtazama akikua. Tunaupata ukuaji wake kwa kuusoma katika mabadiliko ya mtu aliye kando yake, kama vile tunavyojua jua limesogea kwa kutazama kivuli.

Kwa hiyo ubapa wa mhusika hauwi daima sifa yake mwenyewe. Mara nyingine ni kipimo cha jicho linalomtazama. Going Down River Road si riwaya ya watoto, na Baby hakuchorewa picha. Hata hivyo, inatupa swali tunalolihitaji. Ikiwa mtoto asiyetazamwa huonekana bapa, je, mtoto anayetazamwa mno, yaani aliyechorwa, huonekanaje? Ili kulijibu, hatuna budi kurudi nyuma hadi mwaka 1940, kwenye mfano mmoja wa Kiswahili.

Elisi: Sura Iliyobadilishwa

Mwaka huo shirika la Sheldon Press la London lilichapisha Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Kiswahili ya hadithi ya Lewis Carroll iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1865. Mfasiri alikuwa E. V. St Lo Conan-Davies. Matini ilifuata hadithi ya Kiingereza, lakini michoro ilifanyiwa badiliko lisilo dogo: michoro mashuhuri ya John Tenniel iligeuzwa, na Elisi akachorwa akiwa msichana wa Kiafrika.

Badiliko hili linaweza kusomwa kwa namna mbili. Kwa upande mmoja, lilikuwa tendo la heshima kwa msomaji. Mtoto wa Tanga au wa Mombasa alipofungua kitabu hakulazimika kuanza kwa kujiona mgeni. Kwa upande mwingine, badiliko lilikomea usoni. Nchi ambayo Elisi anaiingia, pamoja na mahakama yake, malkia wake na karamu yake ya chai, ilibaki nchi ya Carroll. Msichana wa Kiafrika alipewa sura kwa maana ya uso, lakini sura za kitabu hazikuwa zimeandikwa kwa ajili yake.

Hata hivyo, hadithi hiyo ina funzo jingine kwa mada yetu. Elisi ni mhusika ambaye ukuaji wake ni wa mwili hasa: hunywa akapungua, hula akarefuka, hata asiweze kumweleza kiwavi yeye ni nani. Mchoraji analazimika kumchora tena na tena kwa vipimo tofauti. Hapa picha haikumgandisha mtoto, kwa sababu matini haikuiruhusu. Lakini ukuaji huo ni wa vipimo, hauna maarifa ndani yake. Mwisho wake ni kuamka usingizini, na aliyeamka ni yule yule aliyelala. Ni dhahiri basi kwamba wingi wa picha peke yake haumkuzi mtoto.

Moses: Sura Isiyozeeka

Mfano wa pili unatoka katika kipindi cha baada ya uhuru. Mwishoni mwa miaka ya 1960, tawi la Oxford University Press mjini Nairobi lilianza kutoa mfululizo wa vitabu vya Barbara Kimenye kuhusu Moses, mwanafunzi mtundu katika shule ya bweni ya Mukibi nchini Uganda. Michoro ilikuwa ya Rena Fennessy. Vizazi kadhaa vya watoto wa Afrika Mashariki vilijifunza kusoma kwa raha kupitia vitabu hivi, na hilo ni jambo la kushukuriwa.

Moses hakui. Kitabu kimoja humwingiza matatani na kumtoa. Kinachofuata humkuta mahali pale pale, katika bweni lile lile, pamoja na marafiki wale wale. Hatusemi kwamba hii ni kasoro. Mfululizo una kanuni zake, kama zilivyo hadithi za Abunuwasi na za Sungura, ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza umri. Katika aina hii ya utunzi picha na matini zinapatana kikamilifu: uso haubadiliki kwa sababu mtu habadiliki. Msomaji humrudia Moses kwa sababu anajua atamkuta.

Lakini mapatano haya yana gharama. Msomaji mwenyewe anakua. Anafika siku ambayo amemzidi Moses umri, naye humwacha kama anavyoacha kaptura isiyomtosha. Mhusika asiyekua humfaa mtoto kwa muda fulani, kisha hana la kumwambia.

Njamba Nene: Jina Lililotangulia

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, aliandika vitabu vitatu vya watoto kwa Kigĩkũyũ katika miaka ya 1980. Cha kwanza, Njamba Nene na Mbaathi ĩ Mathagu, kilitoka mwaka 1982. Cha pili, Bathitoora ya Njamba Nene, mwaka 1984. Michoro ilikuwa ya Emmanuel Kariuki, na tafsiri ya Kiingereza ilifanywa na Wangũi wa Goro.

Njamba Nene maana yake ni shujaa mkuu. Hapa tunakuta kinyume cha Baby. Mtoto wa River Road aliitwa kwa umri wake mdogo. Mtoto huyu maskini ameitwa kwa ukubwa ambao bado hajaufikia. Wenzake shuleni humcheka, na kwa macho ya mwanzo jina lake ni kejeli. Kisha basi la safari ya shule linapaa na kuwatupa wanafunzi msituni, na ujuzi aliodharauliwa kwao, yaani lugha yake na maarifa ya nchi yake, ndio unaowaokoa. Katika kitabu cha pili anapewa mkate aupeleke mahali, naye anagundua kilichofichwa ndani yake akiwa tayari amenaswa katika msako, msako wa aina ile ile iliyoikumba Nairobi mwaka 1954.

Mtoto huyu anakua kwa kulifikia jina lake. Kwa mchoraji hili ni tatizo la kweli. Akimchora shujaa tangu ukurasa wa kwanza, atakuwa ameifichua siri ya hadithi. Akimchora mtoto mnyonge hadi mwisho, atakuwa ameikana. Picha ya kitabu cha namna hii hutakiwa kuwa na subira. Yafaa ionyeshe mkate na kuunyamazia uliokuwa ndani yake. Tunaloweza kusema juu ya Njamba Nene, kwa upande wa utunzi, ni kwamba jina lake lilianza kuifanya kazi ya picha kabla picha haijachorwa: lilimwonyesha msomaji sura ya mwisho, likamwachia mtoto kazi ya kuifikia.

Kariuki: Mtoto Ajichorae

Tunarudi sasa kwa Meja Mwangi. Mwaka 1990, miaka kumi na minne baada ya Going Down River Road, alitoa kupitia Longman Kenya riwaya mbili za watoto, Jimi the Dog na Little White Man. Ameondoka mjini akarejea eneo la Nanyuki alikozaliwa, katika miaka ya 1950. Kariuki ni mwana wa mpishi wa mlowezi aitwaye Bwana Ruin. Nigel, mjukuu wa mlowezi huyo, anakuja shambani, na wavulana hao wawili wanakuwa marafiki kwa njia ya kawaida ya wavulana: mto, mbwa, na mawindo ya ngiri mzee. Lakini wakati si wa kawaida. Msitu una wapiganaji, na Hari, ndugu mkubwa wa Kariuki, hayuko mbali nao.

Tofauti kubwa baina ya riwaya hii na ile ya 1976 ni kwamba mtoto amepewa kinywa. Kariuki anasimulia mwenyewe, katika nafsi ya kwanza. Baby alitazamwa, Kariuki anatazama. Na kwa kuwa anatazama, tunaweza kuupima ukuaji wake kwa kile anachokiona. Mwanzoni anaona vitu: bunduki ya mgeni, nyumba kubwa, viatu. Baadaye anaona uhusiano: kwa nini baba yake, aliye mkali nyumbani, hunywea mbele ya Bwana Ruin, kwa nini watu wazima hunyamaza anapotokea, kwa nini urafiki wake na Nigel una bei ambayo Nigel hataulizwa ailipe. Hakuna anayemwambia kwamba amekua. Anajikuta tu hawezi tena kutoyaona yale aliyoyaona. Jina lake, ambalo kwa Kigĩkũyũ hubeba maana ya aliyefufuka, halimfungi katika umri kama la Baby wala halimtangulii kama la Njamba Nene. Linasema tu kwamba mtu anaweza kurudi akiwa mwingine.

Historia ya kichwa cha riwaya hii ni sehemu ya uhakiki wake, kwani kichwa cha kitabu ni picha ya kwanza. Kwa Kiingereza, mwaka 1990, kilimtaja mvulana Mzungu. Tafsiri ya Kijerumani iliitwa Kariuki und sein weißer Freund, yaani Kariuki na rafiki yake Mzungu, nayo ilipata tuzo ya Ujerumani ya fasihi ya watoto na vijana, Deutscher Jugendliteraturpreis, mwaka 1992. Ilipotolewa tena kwa Kiingereza na Groundwood ya Kanada mwaka 2005, iliitwa The Mzungu Boy. Katika majina matatu, ni moja tu linalomtaja mtoto anayekua. Mengine mawili yanaelekeza jicho letu kwa yule anayetazamwa.

Jambo hili lina utetezi wake. Mtu anaweza kudai kwamba kichwa cha Kiingereza ni macho ya Kariuki mwenyewe: yeye ndiye anayemwona Nigel kuwa Mzungu mdogo, na neno mzungu katika toleo la 2005 ni neno la kijijini kwake. Hoja hiyo ina uzito. Inamfanya Kariuki kuwa mchoraji, na Nigel kuwa mchoro. Katika historia ndefu ya vitabu ambavyo mtoto wa Kiafrika alichorwa na wengine, au alichorewa uso mpya juu ya hadithi ya mwingine kama Elisi, hilo si badiliko dogo. Lakini linadai msomaji awe ameingia ndani ya kitabu. Aliye nje, anayetazama jalada tu dukani, ataona kwanza kwamba kitabu ni cha Nigel.

Hitimisho

Tulianza kwa kuuliza kama picha humsaidia mtoto wa riwaya kukua au humzuia. Mifano yetu inatupa jibu la masharti. Kwa Elisi, picha ilibadilishwa ilhali ulimwengu wa hadithi haukubadilika, na mtoto akabaki mgeni mwenye uso wa mwenyeji. Kwa Moses, picha na mtu vilikubaliana kutokukua. Kwa Njamba Nene, jina lilitangulia na mtoto akalifuata. Kwa Kariuki, mtoto alishika kalamu mwenyewe. Inaelekea basi kwamba riwaya ya watoto hufaulu katika ukuaji pale picha inapokubali kupitwa: pale msomaji, akifunga ukurasa wa mwisho na kuliangalia tena jalada, anapoona kwamba mtoto aliye pale juu si yule aliyeagana naye sasa hivi.

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo mawili kwa ufundishaji wetu. Kwanza, jina la mchoraji litajwe sambamba na la mwandishi kila tunapokijadili kitabu cha watoto, na michoro ihojiwe kama matini: inamwonyesha mtoto katika sura ipi ya hadithi, na inanyamazia ipi? Pili, kabla ya kumwita mhusika mtoto bapa, mwanafunzi aulizwe kwanza ni nani anayemtazama mtoto huyo, na kwa haja gani.

Pendekezo la pili ndilo linaloturudisha River Road. Baby hakuwahi kupewa jina, wala kinywa, wala picha. Barabara aliyokulia hupitwa kila siku na maelfu ya watu ambao huwaona watoto wake kwa vipande, kama Ben alivyomwona: mkono ulionyooshwa, chupa ya gundi, mgongo unaokimbia. Tumewapa neno moja, chokoraa, nalo kama lile la Baby linawaambia wasivuke hapo walipo. Msomaji aliyejifunza kumwona Kariuki akikua bila kuambiwa ana nafasi ya kurudi kwenye riwaya ya 1976 na kumtambua Baby. Na akitoka darasani, akashuka hadi kwenye barabara ile, huenda akakumbuka kwamba kila uso anaokutana nao una sura nyingine zinazofuata.